Jinsi ya Kuandika Wasifu wa Mhariri Mkuu

Mhariri mkongwe akistaafu au akiaga dunia, chumba cha habari huanza kumsaka mtu wa kumwandikia wasifu kabla ya makataa ya jioni. Aghalabu kazi hiyo huniangukia mimi, kwa vile nimekaa dawati la makala tangu enzi za karatasi, na vijana hudhani namjua kila mzee aliyewahi kushika kalamu nyekundu Nairobi. Siwajui wote. Ninachojua ni pa kuwatafutia.

Ugumu wenyewe ni kwamba mwanahabari huacha jina lake juu ya kila taarifa, ilhali mhariri haachi kitu. Kazi yake nzuri ni sentensi aliyoifuta, habari aliyoizuia hadi ithibitishwe, kijana aliyemrudisha Milimani akamuulize karani wa mahakama swali moja zaidi. Ukianza na orodha ya vyeo na tuzo, utakuwa unamwandikia marehemu barua ya kuomba kazi.

Kwa hiyo anza na magazeti yenyewe. Nenda Maktaba ya McMillan pale Banda Street, au Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, uulizie majalada ya miaka aliyokuwa kitini. Usijaribu kusoma yote, utazeekea humo. Chagua wiki moja nchi ilipotikisika. Soma ukurasa wa kwanza na tahariri, siku baada ya siku, kisha fungua gazeti shindani la wiki hiyohiyo uliweke kando yake. Kipi kimepewa kichwa kikubwa huku, na kule kikazikwa ukurasa wa tano? Tofauti hizo ndizo zitakazokuonyesha maamuzi ya mhariri wako.

Tuseme umepewa Hilary Ng'weno, aliyefariki Julai 2021. Kila mtu atakwambia alisomea fizikia Harvard, na kwamba mwaka 1964, akiwa na miaka ishirini na ushei, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa gazeti la Nation. Ni kweli, na aya moja yatosha. Kinachostahili wino ni kwamba hakukaa sana kwenye kiti hicho. Mtu anayeacha cheo ambacho wenzake wangekililia, alikuwa anaenda kutafuta nini?

Jibu liko katika alivyovianzisha mwenyewe. Mwaka 1973, pamoja na mchoraji Terry Hirst, alianzisha Joe, jarida la vichekesho vilivyouma. Februari 1975 likatoka Weekly Review, na mwezi uliofuata J.M. Kariuki, mbunge aliyeikosoa serikali ya Kenyatta, akauawa. Jarida halijatimiza hata miezi miwili, na tayari liko mbele ya habari nzito kuliko zote za miaka ile! Nakala za majira hayo ndizo za kusoma polepole. Ukikosa maktabani, pitia wauzaji wa Inama Bookshop, wale wanaotandaza vitabu kuukuu chini kando ya barabara katikati ya jiji, wakati mwingine huibuka na majarida ya zamani.

Kisha mfuate hadi mahali waandishi wengi wanaparuka. Mwaka 1977 alianzisha Nairobi Times. Mwaka 1983 gazeti hilo likauzwa kwa KANU, likageuka Kenya Times. Mhariri aliyejijengea jina la kujitegemea, gazeti lake likaishia mikononi mwa chama tawala. Usilifunike jambo hili kwa heshima za msiba, wala usiligeuze hukumu. Eleza gharama za kuchapisha gazeti na ugumu wa kupata matangazo, msomaji atapima mwenyewe. Weekly Review iliendelea hadi 1999, nalo ni jambo la kuwekwa kwenye mizani hiyohiyo.

Ukimaliza kusoma, ndipo uhoji. Wahariri wenzake waache mwisho, wao hutoa hotuba. Mtafute msanifu wa kurasa, mpiga picha, dereva wa zamu ya usiku, yule mama aliyepokea simu zake. Ukimuuliza mtu, "Mzee alikuwa mtu wa aina gani?" utajibiwa kwamba alikuwa mkali lakini mwenye utu, kama walivyo wahariri wote waliokwisha kufa. Uliza hivi: "Mzee aliwahi kukurudishia habari gani, na alikwambia nini?" Hapo watu hucheka, huinuka, wengine hukuigizia hata sauti yake.

Nina ombi pia kuhusu wahariri wa Kiswahili, ambao huandikiwa aya mbili na kusahauliwa. Gazeti la Taifa lilianza 1958, Nation ikafuata 1960, lakini uliza vijana wa leo wakutajie mhariri mmoja wa Taifa wa miaka ya sitini. Kimya.

Kijitabu cha mazishi kitakupa tarehe ya kuzaliwa, shule na majina ya watoto. Vyeo vilivyomo vilinganishe na ukurasa wa ndani wa gazeti, pale majina ya wahariri yanapochapishwa kwa herufi ndogo. "Mhariri mkuu" wa kijitabuni si ajabu awe alikuwa kaimu wa miezi michache, na ukiandika "kaimu" familia itafika ofisini. Wakaribishe chai, kisha uwaonyeshe nakala.