Somo: Kuunda baiskeli ya gurudumu moja ya kupandia mlimani

Hapa Moshi wengi tumeiona kwenye sarakasi tu, kwenye sakafu laini. Hii ninayoielekeza ni ya kokoto na mizizi, tairi la inchi 3. Nimeunda mbili. Ya kwanza ilinitupa.

Tuanze na habu, yaani kitovu cha gurudumu, maana pesa yako iende hapo. Habu ya baiskeli ya kawaida haifai. Ya mbele ekseli yake imesimama, ya nyuma ina friwili, inayoacha gurudumu lizunguke hata miguu ikitulia. Kwenye gurudumu moja hakuna cheni: kranki (mikono inayobeba pedeli), ekseli na habu vinazunguka kama kitu kimoja. Ukikanyaga mbele unaenda, ukikanyaga nyuma unarudi, ukiisahau miguu uko chini. Mimi nilijifanya mjanja, nikachukua ekseli ya katikati ya baiskeli kuukuu, ile inayoshika kranki, nikachomelea vishikio vya spoku. Ekseli ile ni chuma kilichokazwa kwa moto. Ukikichomelea kinakuwa na udhaifu pale pale penye kovu. Ilikatika ndani ya Msitu wa Rau, nikarudi nimeibeba begani, watoto wananizomea hadi Majengo. Kwa hiyo habu agiza iliyotengenezwa kwa kazi hii.

Vingine vipo hapa hapa. Rimu iwe pana, vinginevyo tairi nene litalala ubavu kwenye kona. Uma, ile fremu ya miguu miwili inayoshika gurudumu, fundi wa kuchomelea atakutengenezea: inchi 3 ni milimita 76, basi miguu ya uma iachane kama sentimita 10, tope lipate pa kupita. Chini ya kila mguu weka kishikio cha beringi cha vipande viwili kinachofungwa kwa bolti. Usikaze mno, beringi itagoma.

Kranki ziwe milimita 150 hadi 165. Fupi zina kasi, ndefu zina nguvu ya kupanda na kuzuia. Pedeli ya kushoto ina nyuzi za kinyume, kwa hiyo ukifunga gurudumu nyuma mbele, pedeli zitajifungua zenyewe njiani.

Siti: kaa, weka kisigino kwenye pedeli ya chini, mguu unyooke. Ukishazoea, ishushe sentimita 2 au 3 kwa ajili ya mlimani.

Kupanda sasa. Shika uzio au ukuta, pedeli zikae karibu usawa. Uzito wote uweke kwenye siti. Kosa la kila anayeanza ni kusimama juu ya pedeli. Macho yaende mita 5 mbele, usiangalie gurudumu. Utaanguka sana siku za kwanza, lakini mara nyingi unatua kwa miguu na chuma kinabaki nyuma. Vaa kofia ngumu na kinga za goti hata hivyo. Njia tambarare za Rau zinatosha kwa mwanzo. Miteremko ya Kibosho isubiri.

Maswali yenu

Shikamoo kaka. Nina kilo 92, nijaze upepo kiasi gani?
Marahaba. Anza na psi 22 hivi kwenye geji ya pampu. Ukisikia rimu inagonga jiwe, ongeza; ukirushwa kama mpira, punguza.

Breki iko wapi?
Miguu yako. Mteremko mrefu unachosha mapaja, kwa hiyo wenye uzoefu hufunga breki ya rimu kwenye uma, na kishikio cha kuibana kinakaa chini ya pua ya siti.

Dada yenu wa Pasua hapa. Mkono mmoja unafanya nini?
Unashika pua ya siti, dada, hasa unapopanda, ili uivute juu mguu unaposukuma chini. Wa pili unapepea hewani kutafuta mizani. Usione aibu.

Masika mnaendeshaje?
Udongo wetu ukilowa unaganda kwenye tairi, uma unajaa, gurudumu linakwama ghafla na wewe unaendelea na safari peke yako. Machi hadi Mei yangu inalala stoo, napanda daladala.