Namna ya Kunufaika na Kituo cha Sanaa Kilicho Mtaani Kwako

Katika miji yetu vipo vituo vya sanaa ambavyo wakazi wa jirani huvipita kila siku bila kuingia, kwa kudhani kwamba ni mahali pa wasanii waliokwisha kujulikana, au pa wageni wenye fedha, au pa watu waliosoma sana. Dhana hiyo inawanyima wakazi mambo mengi yaliyowekwa kwa ajili yao, na inakinyima kituo watu wa kukipa uhai. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mkazi wa kawaida, awe mzazi, kijana anayetaka kuishi kwa ufundi wake, au kiongozi wa kikundi cha mtaa, ambaye angependa kujua aingieje, aombe nini na achunguze nini kabla ya kujiandikisha. Taratibu za ofisi ninazozitaja ni za Tanzania, ingawa mkazi wa Kenya ataona kwamba sehemu kubwa ya maelezo inamfaa.

Fahamu kwanza kituo kina nini

Vituo havifanani. Nafasi Art Space, kilichoanzishwa mwaka 2008 huko Mikocheni, Dar es Salaam, kina studio zilizotengenezwa kwa makontena ya mizigo, na wachoraji na wachongaji hufanya kazi humo. Lakini ndani ya uzio huohuo kuna ukumbi wa maonyesho, mahali pa muziki na ngoma, na mafunzo. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi cha Unguja, kinachofahamika kwa kifupi cha DCMA, kilianza mwaka 2002 na kimejikita katika muziki wa visiwani na pwani, hivyo mtoto wa Mji Mkongwe anaweza kujifunza udi, ganuni au fidla kwa walimu waliokulia ndani ya taarabu. The GoDown Arts Centre cha Nairobi kilianza mwaka 2003 ndani ya ghala, na ndiyo maana kikaitwa godauni. Wajukuu, kikundi cha wasanii wa Mukuru katika jiji hilohilo, kimekuwa kikifundisha sanaa watoto wa mtaa huo wa mabanda, na kazi zake zilifika hadi Kassel, Ujerumani, mwaka 2022.

Pamoja na tofauti hizo, karibu kila kituo kinaweza kukupa nafasi, vifaa, ujuzi na watu. Mimi naiweka nafasi mbele ya vyote. Anayeishi katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na familia sita anajua kwamba hakuna pembe ya kuchorea bila mtoto kukanyaga rangi, wala ua wa kufanyia mazoezi ya ngoma bila mwenye nyumba kutoa onyo. Ukumbi mtupu wenye taa, sakafu safi na mlango unaofungwa ni msaada mkubwa kuliko unavyoonekana kwa mtu ambaye hajawahi kuukosa.

Siku ya kwanza

Usianze kwa kwenda siku ya tamasha, kwa sababu siku hiyo watumishi wana shughuli nyingi na utaondoka ukiwa umeona umati tu. Nenda siku ya kazi, mnamo saa nne asubuhi, na ikiwezekana ufuatane na jirani mmoja. Mlinzi atakuuliza unakwenda kwa nani. Swali hilo limewarudisha wengi nyumbani kwa kuwa hawakuwa na jina la kutaja. Jibu lake ni rahisi: mwambie kwamba wewe ni mkazi wa mtaa huo, umekuja kuuliza ratiba ya mafunzo na utaratibu wa kutumia ukumbi, na unaomba kuonana na mratibu wa programu. Kama mratibu hayupo, acha jina na namba ya simu katika kitabu cha wageni, kisha uulize siku ambayo utamkuta.

Utakapomwona, uliza ada ya kila fani kwa mwezi na kwa muhula, na uulize bila kuona haya kama kuna msamaha au punguzo kwa wakazi wa jirani, kwa sababu vituo vingi hupokea ruzuku yenye sharti la kuwahudumia wakazi hao, lakini punguzo lenyewe halibandikwi ukutani. Uliza pia ni shughuli zipi ambazo hazina kiingilio. Kama matangazo yote yameandikwa kwa Kiingereza, omba ratiba iliyoandikwa kwa Kiswahili. Hilo ni ombi la haki kabisa, na kila linaporudiwa na mkazi mwingine, uzito wake unaongezeka.

Kabla ya kuondoka, omba ruhusa ya kuzunguka. Tazama kazi zilizotundikwa kwa utulivu wako, na ukiona msanii yuko tayari kuzungumza, muulize ametumia nini na imemchukua siku ngapi. Maswali hayo ya kawaida hufungua mazungumzo upesi kuliko kuuliza picha ina maana gani.

Unapompeleka mtoto

Mzazi anapaswa kuwa mwangalifu hapa kuliko mahali pengine pote. Kabla ya kulipa chochote, omba kukaa ndani ya darasa kwa kipindi kimoja kizima. Angalia kama watoto wanashika vifaa wenyewe au wanamtazama mwalimu tu. Darasa la ngoma lenye ngoma mbili na watoto thelathini litamfundisha mwanao kusubiri zaidi ya kupiga. Angalia mwalimu anavyomsahihisha mtoto aliyekosea, na kama watoto wa kike wanapewa zamu za ala zilezile wanazopewa wa kiume.

Kisha uliza juu ya usalama, na uulize waziwazi. Ni watu wazima wangapi wanakuwa na watoto kwa wakati mmoja? Je, mafunzo yanafanyika katika chumba ambacho mtu anayepita anaweza kuona ndani? Nani anaruhusiwa kumchukua mtoto jioni, na jina lake limeandikwa wapi? Picha za watoto zinazopigwa wakati wa mafunzo hutumiwa wapi, na ruhusa ya mzazi inaombwa kwa maandishi? Kituo kinachojiheshimu kitayajibu maswali hayo bila kununa, na kwingi utaonyeshwa waraka uliokwisha kuandaliwa. Ukijibiwa kwamba unashuku bure, mrudishe mwanao nyumbani.

Usitarajie mtoto apige wimbo mzima baada ya wiki tatu. Mpe muhula mmoja kamili, mpatie mahali pa kufanyia mazoezi nyumbani hata kama ni nusu saa baada ya kuosha vyombo, na umwombe akuonyeshe alichojifunza. Mtoto ambaye nyumbani hakuna anayemwuliza habari za fidla yake huiacha, hata awe na kipaji cha namna gani.

Kijana anayetaka kuishi kwa sanaa

Kijana huja kituoni akiwa na hamu ya kupata studio, lakini studio ni chache na orodha ya wanaosubiri ni ndefu. Njia iliyo karibu zaidi ni kuomba kuwa msaidizi wa msanii mwenye studio. Picha za Tingatinga zilienea kwa njia hiyohiyo: Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia silingibodi na rangi za madukani ambazo hazikukusudiwa kuchorea picha, akawafundisha ndugu na jamaa zake waliokuwa wakimsaidia, na alipofariki mwaka 1972, wao ndio walioendeleza kazi hiyo hadi ikawa chama cha ushirika. Mafunzo ya kukaa kando ya fundi yana faida ambayo cheti hakina, kwani unaona pia namna anavyozungumza na mnunuzi na namna anavyokataa bei mbaya.

Suala la bei ndilo linalowaangusha wengi. Andika katika daftari gharama ya kitambaa, rangi, fremu na nauli. Ongeza siku ulizofanya kazi kwa kiwango ambacho ungelipwa kama kibarua wa kawaida. Kisha uweke sehemu ya kununulia vifaa vya kazi inayofuata. Tuseme vifaa vimekugharimu shilingi 25,000 na umefanya kazi siku nne kwa kiwango cha shilingi 15,000: picha hiyo imekwisha kukugharimu shilingi 85,000 kabla ya faida, na anayekupa 60,000 anaondoka na jasho lako. Kama kituo ndicho kinachouza kwa niaba yako, uliza mapema kinakata asilimia ngapi, na fedha zako zitakufikia baada ya siku ngapi, na majibu hayo yawe katika karatasi yenye saini za pande zote mbili.

Omba pia kituo kikuelekeze katika ofisi mbili. Ya kwanza ni Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, ambako wasanii na vikundi husajiliwa. Ya pili ni COSOTA, inayoshughulikia hakimiliki. Katika vituo vingi yupo mtu aliyewahi kuzipitia njia hizo, na saa moja ya maelezo yake itakuokolea safari kadhaa za bure. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza pia kuuliza katika halmashauri juu ya mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, ambayo imetengwa asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu.

Kuomba ukumbi

Kikundi cha ngoma, cha maigizo au cha ushonaji kinachotaka ukumbi kiandike barua fupi, na kiambatishe barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Barua itaje siku na saa, idadi ya watu, vifaa vitakavyoletwa, kiasi cha kelele, na jina la mtu mmoja atakayepokea na kurudisha ufunguo. Maombi mengi niliyoyaona yakikwama hayakukwama kwa sababu ya fedha. Yalikwama kwa kuwa hayakusema nani angefagia. Kikundi kisichokuwa na uwezo wa kulipa kinaweza kupendekeza kutoa onyesho moja la bure kwa mtaa kila baada ya miezi mitatu badala ya kodi, na pendekezo kama hilo hupokelewa vizuri kwa sababu linakipa kituo jambo la kuwaonyesha wafadhili wake.

Mtaa nao una walimu

Kosa kubwa, na linafanywa na pande zote mbili, ni kukichukulia kituo kuwa mtoaji na mtaa kuwa mpokeaji. Tazama nyumba zinazokuzunguka. Yupo bibi anayesuka ukili na kuushona ukawa mkeka, ambaye anajua ni mizizi na magome gani yalitumiwa kutia rangi kabla ya rangi za dukani. Yupo mzee anayewamba ngoma na anayejua ngozi ya mbuzi ianikwe vipi isipasuke. Yupo mama anayepaka hina wakati wa harusi kwa michoro ambayo hajaiona kwenye simu. Watu hao hawatajiita wasanii, na kituo hakitawajua kama hakuna aliyewataja.

Utaratibu wa kuwaleta ni huu. Anza kwa kumwomba mzee mwenyewe, kwa adabu, ukiwa umefuatana na mtu wa nyumbani kwake, na umweleze kwamba atafundisha kazi anayoijua kwa muda anaouweza. Akikubali, nenda kwa mratibu ukapendekeze darasa la siku nne au sita, ukitaja malighafi zitakazohitajika na wanafunzi wangapi wanatosha. Sisitiza mambo mawili bila kulegeza: mwalimu huyo alipwe kama wanavyolipwa walimu wengine wa kituo, nauli ikiwa mbali na posho, na rekodi yoyote ya sauti au picha za mafunzo yake ifanywe kwa ridhaa yake, naye apewe nakala. Shikamoo peke yake hainunui unga.

Kuifanya sauti ya mtaa isikike

Mfano mkubwa ninaoujua ni wa Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya. Katika miaka ya 1976 na 1977 wakulima na vibarua wa kijiji hicho, kupitia kituo chao cha elimu na utamaduni, walijenga wenyewe jukwaa la wazi na kuigiza mchezo kwa Kigikuyu, wakiusahihisha mbele ya wanakijiji wakati wa mazoezi. Serikali iliuzuia mchezo huo mwezi Novemba 1977, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Kilichowatia watawala hofu ni kwamba wenye kijiji ndio waliokuwa wakiamua kisemwe nini jukwaani. Uamuzi wa namna hiyo, hata ukiwa mdogo, ndio unaotenganisha kituo cha mtaa na jengo la sanaa lililojengwa mtaani.

Kwa hiyo uliza kama kuna mwakilishi wa wakazi katika bodi au kamati ya kituo, na mikutano ya wazi hufanyika lini. Kama hakuna, mwombe mwenyekiti wa serikali ya mtaa aitishe kikao kimoja na uongozi wa kituo, na wakazi waende na ajenda iliyoandikwa: saa za mazoezi ya usiku, kelele, ajira za ulinzi na usafi kwa vijana wa jirani, na darasa moja ambalo mtaa unalihitaji. Malalamiko yasemwe, lakini yafuatane na pendekezo. Kumbuka pia kwamba vituo hivi si matajiri. DCMA yenyewe ilitangaza hadharani mwaka 2019 kwamba ilikuwa hatarini kufungwa kwa kukosa fedha. Kituo chenye wakazi wanaokitumia kina la kusema mbele ya mfadhili na mbele ya halmashauri, na mkazi anayejiandikisha darasani au kuhudhuria onyesho anakisaidia kuliko anayekisifu kwa mbali.

Zingatia pia majira. Kituo kinachofuata mwaka wa kalenda huwa kimekwisha kupanga bajeti kabla ya Desemba, na pendekezo linalofika Februari, hata liwe zuri kiasi gani, hukuta fedha zimegawanywa. Muulize mratibu mwaka wao wa fedha unaanza lini, kisha upeleke barua ya kikundi au ya mtaa miezi mitatu au minne kabla ya tarehe hiyo. Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo, na baada ya wiki mbili urudi kuulizia.