Noah ya D4: anza na maji, rangi baadaye

Ukienda kununua Toyota Noah ya 2001 hadi 2007 yenye injini ya 1AZ-FSE, ile ya D4 (petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda), fika kabla haijawashwa. Fungua mfuniko wa rejeta: maji yawe yamejaa, bila oili juu. Kisha mulika tochi nyuma ya injini, pale hedi (kichwa cha injini) inapokalia bloku (mwili wa injini). Michirizi mikavu ya kulanti (maji ya kupozea injini) pale ni dalili mbaya sana: mara nyingi meno ya boliti za hedi yameng'oka kwenye bloku, maana bloku ni ya alumini. Gasketi mpya peke yake haiponyi. Matundu lazima yachongwe na kuwekewa meno ya chuma. Pakiwa safi bila michirizi, jaza watu, washa AC, panda mlima, mfano kutoka Himo hadi Marangu kule Kilimanjaro. Geji ya joto ikipanda, usinunue.