Kusitisha ruhusa ya jirani kupitisha gari kwenye kiwanja chako

Barua ya kusitisha ruhusa huandikwa kwa nusu saa. Kazi iko kabla ya barua: kujua kama alicho nacho jirani ni ruhusa kweli, au kimeshakuwa haki.

Hatua ya 1: Kusanya karatasi

Hati miliki, ramani ya upimaji, na taarifa mpya kutoka kwa msajili wa ardhi. Soma ya kiwanja chako na ya jirani, kwa sababu haki ya njia mara nyingine huonekana upande mmoja tu. Kama mawe ya mpaka hayaonekani, leta mpima ardhi aliyesajiliwa. Usipime kwa simu: hupotoka mita kadhaa, na njia nzima huenda ina upana wa mita 3.

Hatua ya 2: Ni ruhusa au ni haki?

Usiharakishe hapa. Ruhusa ni ya mtu: uliitoa, unaweza kuiondoa. Haki ya njia imefungwa kwenye ardhi. Kiwanja kikiuzwa inahamia kwa mnunuzi, na barua yako haiigusi.

Anza na usajili. Kama haki ya njia imeandikishwa, simama hapo hapo. Itaondoka kwa makubaliano yatakayosajiliwa au kwa amri ya mahakama.

Kama haijaandikishwa, angalia ameanza lini kupita na kwa idhini ya nani. Sheria za nchi nyingi zinatambua haki inayotokana na matumizi ya muda mrefu: Uingereza miaka 20, California miaka 5. Kipimo chake kimetoka kwa Warumi: amepita bila nguvu, bila kificho, bila ruhusa. Hilo la mwisho ndilo watu hulielewa kinyume. Kwa kawaida aliyeruhusiwa hajengi haki hii. Anayeijenga ni yule aliyepita tu, mwenye ardhi akaona na kunyamaza. Kwa hiyo ushahidi kwamba uliruhusu ndiyo ngao yako. Tafuta ujumbe wa zamani wa simu, barua, au shahidi aliyekuwepo mlipokubaliana.

Kisha uliza kama ana njia nyingine ya kufika barabarani. Kama hana, na viwanja vyenu vilikatwa kutoka ardhi moja, huenda ana haki ya kupita kwa sababu ya ulazima. Usifunge kabla ya kupata ushauri.

Uliza pia nani alilipia kokoto, kalvati au zege. Jirani aliyejenga gereji ikitazama njia yako kwa kuamini neno lako, nawe ukimwangalia, anaweza kuiomba mahakama ikuzuie kuondoa ruhusa, au uamriwe kumfidia. Hata risiti za miaka mingi nyuma zina uzito.

Na kama amekuwa akilipa, mna mkataba hata kama hamkuandika. Utauvunja kwa masharti yake. Ukishatoa notisi usipokee hata malipo ya mwezi mmoja, maana atasema umeifufua ruhusa.

Jambo moja tu kati ya haya likiwa na utata, mlipe wakili wa ardhi saa moja kabla hujaandika chochote. Ni nafuu kuliko kesi.

Hatua ya 3: Andika barua

Iwe fupi, ukurasa mmoja. Kama kiwanja kina wamiliki wawili kwenye hati, wote watie saini. Mwandikie mmiliki wa kiwanja cha jirani, na mpangaji wake kama yupo. Maneno yanayotosha:

*"Ndugu …, tarehe … nilikupa ruhusa ya kupitisha gari kwenye kiwanja changu namba …. Ruhusa hiyo naisitisha kuanzia tarehe …. Hadi siku hiyo unaweza kuendelea kupita kama kawaida. Baada ya hapo tafadhali tumia njia nyingine."*

Neno "ruhusa" lisikosekane. Usiandike "mmepita hapa miaka yote hii bila kuniomba", hata ukiwa na hasira. Sentensi hiyo inamjengea jirani kesi. Usiite "njia yenu". Usimwite mvamizi, kwa kuwa bado ana ruhusa.

Muda wa notisi uwe wa haki. Siku 30 zinafaa kwa mwenye lango jingine tayari. Anayehitaji kujenga lango mpe siku 90 au zaidi.

Hatua ya 4: Ifikishe

Mkabidhi mkononi mbele ya shahidi, asaini nakala yako, kisha tuma nyingine kwa posta ya rejista. Akikataa kusaini, shahidi aandike tarehe na saa. Ujumbe wa WhatsApp utumie kuongezea. Usiutegemee peke yake.

Hatua ya 5: Funga njia siku ileile notisi inapoisha

Ukiacha wiki sita zipite huku gari linapita, barua inapoteza nguvu. Andaa geti mapema. Napendelea geti la chuma kuliko mnyororo: usiku mwendesha pikipiki hauoni mnyororo na anaweza kuumia vibaya. Ukilazimika kuufunga, ning'iniza vibao vinavyoakisi mwanga.

Nguzo zichimbiwe sentimita 60 hadi 75, zikae ndani ya mpaka wako kiasi cha sentimita 30 ili zege lisivuke upande wa pili. Geti lifunguke kwa ndani, na liwe mita 6 kutoka barabarani ili gari lisimame bila kuziba njia. Kabla ya kuchimba, hakikisha hakuna bomba la maji au waya wa umeme wa jirani chini yake. Hivyo vina masharti yake, na kusitisha ruhusa ya gari hakukupi idhini ya kuvikata.

Kabla ya kufunga, hakikisha gari lake halijabaki ndani. Akiendelea kupita, usichimbe mtaro wala usimwage mawe mbele ya gari lake. Piga picha zenye tarehe, andika kila tukio kwenye daftari, tuma onyo la pili kupitia wakili, kisha omba zuio la mahakama.