Somo: Kulitambua jiwe, anza na msumari, rangi baadaye

Wengi wakiokota jiwe hukimbilia rangi, nayo ndiyo mwongo mkubwa. Kwatzi (aina ya madini) peke yake huwa nyeupe, waridi, zambarau hata nyeusi. Tafuta msumari, kipande cha kioo, siki na kigae ambacho mgongo wake haukung'arishwa.

Hatua ya 1: Livunje kidogo, maana uso wa nje umeshaliwa na mvua. Vaa miwani, vipande huruka.

Hatua ya 2: Pima ugumu: kwaruza jiwe kwa kucha, kisha kwa msumari, halafu kwaruza kioo kwa jiwe; kilicho kigumu zaidi huchubua kingine. Kipimo cha Friedrich Mohs cha mwaka 1812 huanzia 1 (talki, laini kabisa) hadi 10 (almasi, ngumu kabisa). Kucha ni kama 2.5, kioo 5.5, kwatzi 7. Ukishakwaruza kioo, pangusa kwa kidole. Mstari ukifutika, kioo hakikuchubuka; ule ulikuwa unga wa jiwe lenyewe. Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi hukosea.

Hatua ya 3: Liburute kwenye mgongo wa kigae uone rangi ya unga wake. Hematiti (madini yenye chuma) huweza kung'aa kama chuma, lakini unga wake ni wa kahawia nyekundu.

Hatua ya 4: Tazama linavyopasuka. Ulanga (madini ya mika) hubanduka karatasi karatasi. Kwatzi huvunjika kama chupa.

Hatua ya 5: Sasa uliza mwamba ulizaliwaje. Graniti ni magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyopoa polepole chini ya ardhi, chembe zikapata muda wa kukua hadi unaziona. Basalti ilipoa haraka juu, chembe zikabaki ndogo mno. Matabaka na visukuku (mabaki ya viumbe wa kale) ni dalili ya mwamba wa mashapo, yaani mchanga au matope yaliyotuama yakagandamana. Mistari iliyokunjamana mara nyingi ni kazi ya joto na mgandamizo.

MASWALI

Mwalimu, langu linameta njano. Ni dhahabu?
Gonga punje moja. Dhahabu hubapa, pairaiti (madini yanayofanana nayo) husagika na unga wake ni mweusi wenye ukijani.

Siki imetoa povu. Ni jiwe la chokaa au marumaru?
Povu halitakuamulia, yote mawili ni madini ya kalsaiti. Marumaru ni chokaa iliyopikwa ardhini. Chembe zikimeremeta kama sukari, ni marumaru. Ukiona vipande vya kombe, ni chokaa.

Jeusi, zito, limenasa sumaku. Kimondo hicho, Mwalimu?
Pole, huenda ni magnetiti tu, madini ya chuma yanayonasa sumaku. Liburute kigaeni: magnetiti huacha unga mweusi, kimondo ambacho hakijaota kutu kwa kawaida hakiachi kitu.