Kabla ya kuwaambia ndugu kwamba mwanao ana kifafa

Familia nyingi hujiandaa kwa kuanguka tu: nani atamshika, dawa ziko wapi. Maswali ya watu ndiyo huwakuta hawana la kusema. Shangazi anauliza, kila mmoja anajibu lake, na mtoto aliyekaa kando anawasikia wazazi wakidanganya kwa ajili yake. Kwa hiyo kabla ya kuita kikao cha ukoo, yapo ya kumaliza ndani ya nyumba.

Kwanza pateni uhakika. Si kila anayeanguka ana kifafa. Mtu huweza kuzimia presha ikishuka ghafla, na mtoto mdogo huweza kupata degedege kwa homa asipate tena maishani. Mara nyingi daktari hulitaja jina la kifafa baada ya mishtuko miwili (vipindi vya kukakamaa, kutetemeka au kupoteza fahamu) isiyo na kichocheo cha papo hapo kama homa, iliyopishana kwa zaidi ya saa 24. Kipimo cha umeme wa ubongo husaidia, lakini kinaweza kuonekana sawa na ugonjwa ukawepo, ndiyo maana video iliyorekodiwa kwa simu humfaa sana daktari. Ni ya daktari, lakini. Isiingie kwenye kundi la WhatsApp la familia.

Linalofuata ni gumu zaidi: baba na mama wayamalize yao. Sentensi inayovunja nyumba ni hii, "kwetu hakuna ugonjwa huo." Hapo kifafa kinageuka kuwa kesi ya ukoo mmoja dhidi ya mwingine, na mara nyingi mama ndiye anayebebeshwa. Ukweli ni kwamba takriban nusu ya wenye kifafa duniani hawajulikani chanzo cha ugonjwa wao. Wengine walikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au waliumia kichwa, au waliugua homa ya uti wa mgongo, au walipata kiharusi, au mabuu ya tegu wa nguruwe yaliingia kwenye ubongo. Kurithi kupo, ila hata mzazi mwenye kifafa, watoto wake wengi hawakipati. Kubalianeni jibu moja fupi mtakalolitoa wote wawili, kwa mfano: "Ni ugonjwa wa ubongo, anatumia dawa, hauambukizi."

Msisitize hilo la mwisho. Povu linalomtoka mdomoni akianguka ni mate yaliyoshindwa kumezwa, halina sumu wala halimpi mtu ugonjwa. Imani kwamba linaambukiza imewaachia makovu watu walioangukia moto, kwa sababu waliokuwa karibu waliogopa kuwagusa.

Kabla ya ndugu, zungumzeni na mtoto mwenyewe. Muulizeni anataka mtumie neno gani, na nani asiambiwe kwa sasa. Akisema binamu fulani atamcheka, aminini, anamjua kuliko ninyi. Anayelazimika kujua ni yule anayekaa naye mtoto bila ninyi: mwalimu, msaidizi wa nyumbani, bibi anayemlaza wikendi. Wengine wanaweza kusubiri.

Jiandaeni pia kwa ushauri wa bure. Atatokea mtu wa kusema dawa za hospitali zinamlegeza, ziachwe kwanza ijaribiwe njia nyingine. Kama familia inataka kuomba, iombe, lakini dawa iendelee. Kuikatiza ghafla kunaweza kuleta mshtuko usiokoma, na huo unaua. Mweleze huyo ndugu kwamba kwa utambuzi na dawa sahihi, hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila mishtuko. Wengine watakuja na huruma, nayo ina hatari yake: mtoto asicheze, asisome mbali, asitumwe. Chagueni mapema makatazo yenye maana, kama kutoogelea bila mtu anayemwangalia, kutopanda juu sana, kutofunga mlango wa bafu kwa ndani. Yaliyobaki aruhusiwe.

Kama ni msichana mkubwa, swali la ndoa litakuja hata kama hakuna aliyechumbia. Msilicheke. Nchini Uingereza sheria iliyoruhusu ndoa kubatilishwa kwa sababu ya kifafa ilirekebishwa mwaka 1971 tu, kwa hiyo hofu hii haikuzaliwa kwenu. Linalomhusu yeye ni kuzungumza na daktari kabla ya mimba, maana baadhi ya dawa, hasa valproate, zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mchumba aambiwe na yeye mwenyewe, kwa wakati wake.

Siku ya kuwaambia ndugu, hotuba iwe fupi, mazoezi yawe marefu. Kijana mmoja alale sakafuni, mwingine asogeze meza, aweke kitu laini chini ya kichwa, amgeuze ubavu, atazame saa. Hakuna kijiko mdomoni, hakuna kumbana mikono. Ikipita dakika 5, au mshtuko wa pili ukija kabla hajazinduka, au ameumia, ni hospitali. Aliyewahi kumgeuza mtu ubavu, hata kwa mchezo, siku ikifika hakimbii.

Mwisho wa mazoezi waonyesheni shuka. Akianguka anaweza kujikojolea, afunikwe mapema, na waliojaa chumbani watoke. Akifumbua macho akute watu wawili anaowajua, mmoja akimwambia kwa sauti ya kawaida yuko wapi na ni saa ngapi.