Kuandaa mbio za ramani na dira: hatua kwa hatua, kutoka msitu wa Karura

Orientiringi ni mbio zisizo na njia iliyowekwa alama. Unapewa ramani yenye vituo, unavipitia kwa mpangilio, na namna ya kufika ni shauri lako. Mimi huwaandalia vijana wa skauti na wazazi wao, mara nyingi Karura, Nairobi, msitu wa hekta kama 1,000 uliozungushiwa uzio. Kwa washiriki 50 hivi, wasaidizi 6 wanatosha.

Hatua ya 1: Kibali na tarehe

Wasiliana na wasimamizi wa msitu wiki sita kabla, kwa barua, ukitaja idadi ya watu na eneo utakalotumia. Epuka masika, Machi hadi Mei. Udongo mwekundu ukilowa hata kutembea ni kazi, sembuse kukimbia.

Hatua ya 2: Ramani

Hapa ndipo utamaliza muda wako mwingi, na ni sawa. Picha ya setilaiti haitoshi, kwa sababu chini ya miti haioni kitu. Mimi huanza na data ya OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, naifungua katika OpenOrienteering Mapper, programu ya bure, kisha naingia msituni na karatasi na penseli kusahihisha. Kijia kilichokuwapo mwaka jana huenda sasa ni kichaka.

Tumia skeli ya 1:10,000, yaani sentimita 1 kwa mita 100. Halafu waeleze watu rangi mapema, maana zinawachanganya wote wanaoanza: nyeupe ni msitu unaopitika kwa mbio, wala si uwanja. Uwanja ni njano. Kijani ni mahali pa kukwama, na kadiri kinavyokolea ndivyo utakavyochanika.

Hatua ya 3: Kupanga vituo

Programu ya Purple Pen, nayo ya bure, itakuchorea alama za zambarau: pembetatu pa kuanzia, duara kwa kila kituo, duara mbili pa kumalizia. Panga njia tatu: kilomita 2 kwa watoto, 3 kwa wanaoanza, 5 kwa wazoefu. Umbali huo hupimwa kwa mstari ulionyooka kutoka kituo hadi kituo, kwa hiyo miguu itakwenda zaidi.

Kosa la karibu kila mwandalizi mpya ni kuficha bendera inayoonyesha kituo. Nilifanya hivyo mara ya kwanza: niliiweka nyuma ya gogo, ndani ya majani, nikajiona mjanja. Watu kumi na wawili walizunguka pale kama kuku anayetafuta pa kutagia, na aliyeipata wa kwanza aliwafungulia wengine wote. Huo si mchezo wa ramani, ni kibemasa. Ugumu uwe katika kuchagua njia: je, nikate moja kwa moja na kupanda kilima, au nizunguke kwa barabara? Mtu akifika mahali sahihi, bendera imtazame usoni.

Weka kituo kwenye kitu kilichochorwa: njia panda, daraja, ukingo wa bonde. Kwa watoto, kila kituo kiwe kando ya njia. Namba za bendera zianzie 31, ili asitokee mtu akadhani namba ya bendera ndiyo zamu ya kituo.

Hatua ya 4: Vifaa

Fundi cherehani atakushonea bendera: pande tatu, kila moja sentimita 30 kwa 30, nusu nyeupe na nusu chungwa kwa mshazari. Kwenye kila bendera andika herufi mbili; mshiriki atazinakili kwenye kadi yake kuthibitisha alifika. Usiache peremende kituoni kama zawadi. Kima wa Karura watafika kabla ya watoto.

Ukinunua dira, uliza sindano yake imesawazishwa kwa ukanda gani wa dunia. Iliyotengenezewa Ulaya, huku kwetu sindano yake huinama na kusugua kioo, nawe utadhani mkono wako ndio unaotetemeka.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Tundika bendera alfajiri, na mtu wa pili azipitie zote akiwa na ramani ya mshiriki, si yako. Waruhusu kuanza saa tatu, mmoja mmoja kila baada ya dakika mbili, ili wasifuatane.

Kabla ya hapo waambie mambo matatu. Saa ya mwisho kurudi ni saa sita kamili, umemaliza au hujamaliza. Ukipotea, tafuta njia panda yenye namba, piga simu, usisogee. Na ukiona nyuki, pita mbali.

Kazi kubwa zaidi siku hiyo ni ya mtu mmoja mezani na orodha. Kila anayeingia msituni anawekewa alama, na kila anayetoka pia, hata aliyekata tamaa. Wanaokata tamaa ndio wanaosumbua: hupita kando, hupanda matatu, huenda nyumbani kula, nawe unabaki ukimtafuta mtu mpaka jioni. Mimi sasa nashika kitu cha kila mshiriki mezani, funguo au kofia, na hakipati mpaka arudi kusaini.

Orodha ikilingana, tuma watu wawili wakusanye bendera. Zihesabu nazo.